Urujuani wa Usambara: Ua la Miamba kwenye Kibaraza cha Nyumbani

Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na kwenye magenge ya mawe ya chokaa yaliyo karibu na mwambao, huota mmea mdogo wenye majani manene yaliyofunikwa na vinyweleo, yaliyopangwa duara kuzunguka moyo wa mmea, na wenye maua ya zambarau yanayokaribia buluu, ambao katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini umekuwa miongoni mwa mimea ya ndani inayopendwa zaidi, ilhali katika nchi ulikotoka wako wengi ambao hawajawahi kuuona wala kusikia jina lake. Wataalamu wa mimea waliuita kwa muda mrefu Saintpaulia. Wajerumani huuita kwa jina lenye maana ya urujuani wa Usambara, na kwa kuwa jina hilo linataja kwao kwa usahihi zaidi kuliko lile la Kiingereza, ambalo linatosheka kusema kwamba ua hili ni la Afrika, ndilo linalotumika katika makala haya.

Mtu anayeishi Tanga, Muheza, Mombasa, Morogoro au hata Nairobi anaweza kuukuza mmea huu nyumbani kwake kwa gharama ya chungu kidogo, kivuli cha kibaraza na jani moja alilopewa na jirani. Asichoweza kukiepuka ni kuufahamu mwamba ulikotoka, kwa sababu karibu kila sharti la kuutunza, tangu kiasi cha mwanga hadi namna ya kumwagilia maji, limetokana na maisha yake juu ya mawe ya msituni, na mkulima anayelijua hilo hufaulu hata asipokuwa na kitabu cha maelekezo.

Msituni, urujuani wa Usambara hauoti kwenye udongo mzito wala penye jua. Hushika kwenye nyufa za miamba, kingo za vijito na kuta za mabonde membamba, mahali ambapo vijimea mororo vya kijani vimetanda juu ya jiwe na kushika unyevu kama sifongo, huku tabaka jembamba la majani yaliyooza likiipa mizizi yake chakula kidogo kidogo. Mizizi hiyo ni mifupi na myembamba, na haitafuti kina. Hutanda kwenye kile kidogo kilichopo na kuishi kwa hewa inayopita katikati ya punje. Juu yake husimama miti mirefu inayochuja jua, kiasi kwamba mwanga unaoufikia mmea ni wa kupita tu, wa madoadoa yanayohamahama, na jiwe lenyewe halipati moto mchana wala halipoi ghafla usiku.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Usambara ni sehemu ya mnyororo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa, ambao kwa mamilioni ya miaka umekuwa ukipokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na hivyo kubaki na misitu hata nyakati ambazo maeneo ya chini yaliyoizunguka yalikauka. Amani, katika Usambara Mashariki, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 900, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Misitu ya milima hiyo ilipotengana kama visiwa vilivyozungukwa na nyika, mimea iliyokuwa ndani yake nayo ilitengana, na kila mlima, wakati mwingine kila bonde, ukalea aina yake. Ndiyo sababu urujuani wa Uluguru haufanani na wa Nguru, na ule wa kilima cha Mbololo huko Taita haupatikani porini mahali pengine popote duniani. Wataalamu huuita mmea wa namna hiyo mmea wa mahali pamoja, yaani ambao eneo lake la asili ni dogo kiasi kwamba likiharibika hakuna pengine pa kukimbilia.

Ua lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Lina petali tano zilizoungana chini, mbili za juu zikiwa ndogo na tatu za chini zikiwa kubwa, na katikati yake kuna vifuko viwili vya chavua, vya manjano kama punje za mahindi machanga, vilivyoshikana vichwa. Pembeni mwa vifuko hivyo huchomoza mrija mwembamba wa kike, ambao ncha yake ndiyo inayopokea chavua, na mrija huo haukai katikati: katika ua moja huinama kushoto, katika ua la jirani, la mmea uleule, huinama kulia, kana kwamba moja ni sura ya jingine kwenye kioo. Ua hili halitoi nekta. Nyuki anayelitembelea hufuata chavua, na ili kuipata hana budi kushika vifuko hivyo na kutetemesha misuli ya mabawa yake kwa mvumo wa sauti nzito, ndipo chavua inapomwagika kupitia vitundu vidogo na kumshika ubavuni, upande ule ambao mrija wa ua litakalofuata, lililoinama kinyume, utamgusa. Mpangilio huo husaidia chavua kusafiri kutoka ua moja hadi jingine badala ya kuishia pale ilipotoka, na pia hueleza kwa nini mmea uliowekwa ndani ya nyumba iliyofungwa, ambamo nyuki wa aina hiyo hawaingii, huchanua mwaka hadi mwaka bila kuzaa hata tunda moja.

Habari za mmea huu kufika Ulaya zinagusa historia ya Kiswahili kwa namna ambayo haielezwi mara nyingi. Vielelezo vya kwanza vilivyokaushwa vilikusanywa mwaka 1884 na Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, na vingine mwaka 1887 na mmisionari W. E. Taylor, yuleyule aliyekusanya methali za Waswahili na ambaye juhudi zake zilisaidia kuhifadhi tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa; vielelezo hivyo vilifika katika bustani ya Kew karibu na London lakini havikutosha kuuelezea mmea kisayansi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, naye mtu aliyekwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili mwaka 1890, aliuona mmea huo kwenye mawe ya chokaa si mbali na mji na pia katika msitu wa milimani, akaupeleka kwa baba yake huko Silesia, ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Baba aliufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha, neno la kwanza likiwa la heshima kwa familia hiyo na la pili likiwa la Kigiriki, lenye maana ya kwamba maua yake yanafanana na ya urujuani wa Ulaya, mmea ambao kwa kweli hauna undugu nao wowote. Wabondei, Wadigo na Wasambaa waliopita kando ya miamba hiyo vizazi na vizazi hawakutajwa katika jina hilo.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka huohuo wa 1893 mmea ulionyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na haki ya kuuza mbegu zake ikachukuliwa na kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt. Mnamo miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche mingi, na kutoka humo kikachagua kumi tu iliyopewa majina na kusambazwa, mmojawapo ukiwa ‘Blue Boy’, ambao umekuwa mzazi wa aina nyingi za baadaye. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani waliunda chama chao, ambacho hadi leo husajili aina mpya, na zilizosajiliwa sasa ni maelfu: za waridi, nyeupe, zenye petali maradufu, zenye kingo zilizokunjamana kama lesi, zenye majani ya mabaka. Sehemu kubwa ya wingi huo imetokana na mbegu chache zilizotoka katika maeneo mawili ya Tanga.

Jambo hili linapaswa kusemwa bila kuzungusha maneno. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, yaani mkataba unaohusu wingi na tofauti za viumbe, ulifunguliwa kwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 na kutambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za viumbe vilivyomo ndani ya mipaka yake, lakini kufikia wakati huo urujuani wa Usambara ulikuwa umekwisha kuondoka kwao kwa miaka 100 kamili, na biashara iliyojengwa juu yake haikudaiwa chochote na sheria hiyo. Kilichopotea hakiwezi kurejeshwa kwa kulalamika. Kinachowezekana, na ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu wa mbali, ni watu wa nchi hizi kuujua mmea wao, kuukuza, kuuzidisha na kuuuza wenyewe wakitaka, na zaidi ya yote kulinda miamba ambako bado unaota bila kusaidiwa na mtu.

Kuhusu jina, msomaji atakayetafuta habari zaidi atakutana na mkanganyiko unaohitaji kuelezwa. Mtaalamu B. L. Burtt, aliyefanya kazi Kew na baadaye Edinburgh, aliugawa ukoo huu katikati ya karne ya 20 katika spishi nyingi, na idadi ilifikia takriban 20, nyingi zikipewa majina ya mahali kama Amani, Magunga, Tongwe na Shume. Uchunguzi wa baadaye, ukiwemo ule wa vinasaba, ulionyesha kwamba nyingi kati ya hizo ziko karibu mno kiasi cha kuzaana kwa urahisi, kwa hiyo zikapunguzwa na kuwa nususpishi, yaani matawi ya spishi moja yanayotofautiana kwa sura na mahali. Kisha mwaka 2015 ukoo mzima ukaingizwa ndani ya ukoo mwingine mkubwa zaidi, Streptocarpus, na mmea wa Tanga sasa huandikwa Streptocarpus ionanthus. Mabadiliko hayo ni sahihi kisayansi, lakini yana hatari moja: ofisa anayesoma kwamba kuna spishi moja iliyoenea kutoka Kilifi hadi Nguru anaweza kudhani kwamba mwamba mmoja ukiharibiwa ipo mingine mingi, wakati ukweli ni kwamba mimea ya mwamba huo, kwa umbo la majani na kwa vinyweleo vyake, haipatikani kwenye mwamba mwingine.

Anayetaka kuanza kuukuza huona mara moja swali la kwanza, nalo ni la mahali pa kuupata. Jibu lisilo sahihi ni kwenda msituni na kuung'oa. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 hairuhusu kuchukua mazao ya msitu kutoka kwenye hifadhi bila kibali, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, iko chini ya sheria hiyo; lakini hata pasipo sheria, mmea ulioshika jiwe kwa miaka mingi hung'oka pamoja na ngozi yote ya kijani iliyokuwa ikiushikiza, na mahali pake hubaki jiwe tupu ambalo mbegu nyingine haitashika kwa muda mrefu. Mmea huo ulioondolewa, mara nyingi, hufa ndani ya wiki chache kwa sababu mizizi yake imekatika. Njia iliyo halali na yenye mafanikio zaidi ni kuanza na mmea uliokwisha kuzoea chungu, kutoka kwenye kitalu au kwa mtu anayeukuza, na kuuzidisha kwa majani.

Uzidishaji kwa jani ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika ukulima wa maua, na hauhitaji kifaa zaidi ya wembe safi. Huchaguliwa jani la safu ya katikati, si la chini lililozeeka wala la moyoni lililo changa, likakatwa pamoja na kikonyo chake, yaani kijiti kinacholiunganisha na mmea, kikaachwa na urefu wa sentimita tatu hivi na ncha yake ikakatwa mshazari ili eneo la kuotea liwe pana. Kikonyo hicho hutumbukizwa kwa kuinama katika mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, na juu yake hufunikwa chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa kitako, ambayo hubaki na mvuke ndani kama ukungu wa Amani asubuhi. Baada ya wiki tatu au nne mizizi myeupe huonekana jani likivutwa kidogo na kugoma. Baada ya miezi miwili au mitatu, pembeni mwa kikonyo, huchomoza vijani vidogo sana vya mviringo, vyenye vinyweleo vinavyong'aa, ambavyo kila kifungu chake ni mmea mpya. Mara nyingi jani moja hutoa kadhaa. Hutenganishwa vinapokuwa na ukubwa wa kutosha kushikika, kila kimoja na mizizi yake, na jani la mama, likiwa bado zima, linaweza kukatwa tena na kurudishwa kwenye mchanganyiko. Maua hutarajiwa baada ya miezi sita hadi tisa tangu siku ya kukata jani, wakati mwingine zaidi.

Mchanganyiko wa kupandia ndio mahali ambapo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba udongo mweusi wenye rutuba unaofaa mchicha utafaa pia ua. Udongo huo ukilowa hushikamana, hewa ikakosa njia, na mizizi iliyozoea nyufa za mawe ikaoza. Katika mwambao wa Afrika Mashariki kuna kitu kinachofaa vizuri na ambacho hutupwa au kuchomwa kila siku, nacho ni makumbi ya nazi: vumbi lake, likishalowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa chumvi, likachanganywa na mboji ya majani iliyochekechwa, mchanga wa mtoni ulio safi na vipande vidogo vya mkaa, hutoa mchanganyiko mwepesi unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Kwa mimea ya asili ya mawe ya chokaa, chengachenga za jiwe la chokaa zikiongezwa kidogo hupunguza ukali wa asidi unaotokana na mboji. Chungu kisiwe kikubwa. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wazoefu ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa majani yaliyotanda, kwa kuwa mchanganyiko usiofikiwa na mizizi hubaki na maji na kuchacha.

Juu ya mwanga, msomaji wa vitabu vilivyoandikwa Ulaya anapaswa kuwa mwangalifu, kwani vitabu hivyo husema dirisha la kaskazini ndilo lenye kivuli, na maneno hayo ni kweli kwa Hannover lakini si kweli kwa Tanga. Kusini mwa ikweta, jua la mwezi Juni hupita upande wa kaskazini na kuingia moja kwa moja kwenye dirisha hilo, na mnamo Desemba huhamia upande wa kusini. Sehemu iliyo salama zaidi ni kibaraza au dirisha linaloelekea mashariki, ambalo hupokea jua la asubuhi lisilo kali na kisha kivuli chenye mwanga kwa siku nzima, au chini ya paa lililokingwa na mti kama mwembe. Mmea wenyewe hutoa taarifa: ukikosa mwanga, vikonyo hurefuka na majani huinuka juu kana kwamba yanaomba, ukizidishiwa, majani hupauka, hukunjamana kuelekea chini na kukaza moyo wa mmea. Kwa watu wa Lushoto, Limuru na sehemu nyingine za baridi, usiku wa Julai unaweza kuwa mkali kwa aina zilizotokana na mimea ya Tanga, ambazo hustawi zaidi kati ya nyuzi 18 na 27 za selsiasi, na inafaa chungu kilale ndani.

Maji ndiyo yanayoua urujuani mwingi kuliko ukame. Vinyweleo vya jani hushika tone na kulizuia lisiteleze, na tone likiwa baridi kuliko jani, chembe zinazobeba rangi ya kijani chini ya ngozi ya jani hupasuka, na baada ya siku moja au mbili huonekana pete na madoa ya rangi ya mchanga ambayo hayatoki tena hadi jani life. Kwa hiyo maji huwekwa ndani ya nyumba hadi yapate joto la hewa iliyopo, kisha humiminwa katika kisahani chini ya chungu, yakaachwa yapande kwa muda wa nusu saa, na yaliyobaki yakamwagwa. Yasiachwe moyoni mwa mmea, maana hapo huanza kuoza. Mwambaoni, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, kuna tatizo la ziada: chungu cha udongo hunyonya maji hayo na kuacha ukoko mweupe kwenye ukingo, na kila kikonyo kinachoegemea ukingo huo huungua na kulegea. Maji ya mvua, yaliyokingwa wakati wa masika na kuhifadhiwa katika ndoo iliyofunikwa, ndiyo bora kuliko yote, nayo ndiyo yaleyale ambayo mmea ungeyapata msituni.

Mbolea itoshe kuwa dhaifu sana na ya mara chache. Wadudu wanaosumbua ni vidung'ata, ambao huonekana kama vifumba vya pamba kwenye makutano ya vikonyo na huondolewa kwa kijiti kilichochovywa katika spiriti, na utitiri, ambao hauonekani kwa macho lakini hufanya majani ya moyoni yadumae na kujikunja. Mmea ulioshikwa na utitiri ni heri uondolewe kabisa kuliko kuhatarisha mingine.

Jani, hata hivyo, hutoa nakala tu. Mimea 20 iliyotokana na mama mmoja ni mmea uleule mara 20, ina nguvu zilezile na udhaifu uleule, na ugonjwa ukiweza kuua mmoja unaweza kuua yote. Anayetaka kuhifadhi mmea wa asili kwa maana kamili ya neno hilo hana budi kufanya kazi ya nyuki: kupasua kifuko cha chavua kwa ncha ya sindano, kupokea unga wa manjano kwenye ukucha, na kuupaka kwenye ncha ya mrija wa ua la mmea mwingine wa asili hiyohiyo ya mahali, si wa mlima mwingine wala chotara ya dukani. Tunda hukua polepole, kwa miezi mitano au zaidi, likakauka na kuwa la kahawia, na ndani yake kuna mbegu nyingi zilizo ndogo kama vumbi la tumbaku, ambazo hazifunikwi na udongo bali hunyunyizwa juu yake zipate mwanga. Kwa sababu hiyohiyo ya kuzaana kwa urahisi, mimea ya chungu, ile yenye petali maradufu na rangi za waridi, isipelekwe kamwe kupandwa kando ya msitu ambako jamaa zake wa asili wanaishi.

Ukulima wa nyumbani hauwezi kuwa badala ya msitu, na wale wanaodhani kwamba mmea uliojaa madirishani hauwezi kutoweka hawajafikiria mwamba unavyofanya kazi. Mti mmoja mkubwa ukianguka juu ya bonde, jua la saa sita hulifikia jiwe, vijimea vilivyolifunika hukauka na kubanduka kama ngozi, na urujuani uliokuwa umevishikilia huenda navyo. Katika Usambara Mashariki misitu ya chini ilikatwa kwa ajili ya mashamba, ya juu ikapunguzwa na mashamba ya chai na ukataji wa mbao. Kilimo cha iliki, ambacho kwa mbali huonekana hakidhuru kwa kuwa miti mikubwa huachwa, huondoa mimea yote ya chini. Na mhesi, mti ulioletwa Amani na kuenea kwa kasi kila palipokatwa, umebadilisha sakafu ya msitu. Kwa wakulima wa vijiji vya Muheza iliki ni ada ya shule na dawa ya mtoto, na mpango wowote wa uhifadhi usioanzia hapo hautadumu. Vitalu vidogo vya urujuani, vilivyoanzishwa kwa majani yaliyopatikana kihalali na kuendeshwa na watu wa vijiji hivyohivyo kwa ajili ya wageni wa Amani na masoko ya Tanga na Dar es Salaam, vingekuwa angalau zao moja linalohitaji kivuli badala ya kukiondoa.

Katika pwani ya Kenya, magenge ya chokaa ya Cha Simba katika Kaunti ya Kilifi, ambako nususpishi iitwayo rupicola, yaani mkaa mwambani, imesalia katika maeneo machache mno, yamo katika nchi ya Wamijikenda, ambao misitu yao mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Miiko ya wazee wa kaya, iliyokataza kukata miti na kuondoa kitu mahali palipoheshimiwa, ililinda mimea mingi ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu.

Kuna namna moja ya kuukuza mmea huu ambayo haimo katika vitabu vingi vya Ulaya lakini inafaa sana ua wa nyumba ya mwambao. Hutafutwa jiwe la chokaa lenye matundu, la aina inayobaki palipojengwa, likaoshwa, likawekwa upande wa mashariki wenye kivuli cha ukuta na mti, penye mtungi mkongwe unaovuja au bomba linalodondosha, na katika matundu yake kukashindiliwa vumbi la makumbi na mboji. Miche midogo iliyotokana na jani hupandwa humo kwa kuinamishwa kidogo, ili maji yasituame moyoni, kama inavyokaa kwenye kuta za mabonde ya mto Sigi huko Usambara. Kwa miezi ya mwanzo haifanyi lolote linaloonekana. Kisha jiwe huanza kubadilika rangi, likashika ukijani kuzunguka tundu, majani mapya yakalala bapa juu yake, na siku moja ya masika, chini ya jani lililoinama, huonekana kijiti chembamba chenye matumba matatu.